Nani alimaliza msitu wa milimani? Jibu kwa mwanafunzi anayetaka kusomea akiolojia

*"Shikamoo Daktari. Nasoma kidato cha tano, tahasusi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), kwetu ni Mufindi, Iringa. Likizo iliyopita nilimsaidia bibi kulima kinyungu chake kule bondeni. Jembe likatoa vigae vya chungu na mawe meusi mazito yenye matundu. Bibi akasema hayo ni mavi ya chuma, wazee walifulia majembe hapo, na hao ndio waliomaliza msitu, ndiyo maana milima yetu ina nyasi tupu. Mwalimu wetu wa Jiografia yeye anasema watu wa kale waliishi kwa amani na mazingira, uharibifu tumeuleta sisi. Sijui nimwamini nani. Tangu siku hiyo nataka kusomea akiolojia, nichunguze wa zamani waliishije na misitu, maji na udongo. Baba hataki hata kusikia. Anasema hiyo ni kazi ya Wazungu wanaotafuta rupia za Mjerumani, na anayeisomea atakufa njaa. Anataka nisome ualimu au sheria. Je, inawezekana kweli kujua nani alimaliza msitu? Na kazi hii ina maisha? Kipande kimoja cha yale mawe ninacho bwenini, kwenye tranka."*

Marahaba, mwanangu, na bibi mfikishie salamu zangu: kamwene. Swali lako nimelisoma mara mbili, ya pili nikicheka peke yangu, kwa sababu ubishi wa bibi yako na mwalimu wako ndio ule ule ambao wenzangu huufanya kwenye makongamano, ila wao huvaa tai kwanza. Umeuliza mawili: kama inawezekana kujua nani alimaliza msitu, na kama kazi hii inalisha. Lipo la tatu ambalo hukuliuliza, la hicho kipande kilichomo kwenye tranka. Hilo nitalifikia mwishoni, na huenda usilipende.

Nianze na baba, maana ndiye mwenye ada.

Hofu ya rupia si yake peke yake. Huku kwetu kusini, palipo na boma la Mjerumani hapakosi hadithi ya hazina. Nenda Masoko, Rungwe, kwenye lile ziwa lililojaa ndani ya kreta ya volkano: utaambiwa Wajerumani walitupa mali zao majini walipokuwa wakikimbia vita. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na wanafunzi tukichimba kwenye pango moja, shimo dogo tu la mita moja kwa moja. Mchana watoto wanakuja kututazama, wazee wanatusalimu vizuri. Asubuhi ya siku ya nne tukakuta shimo letu limegeuka handaki. Watu walikuwa wamechimba usiku kucha, wakashuka chini kutupita sisi wenyewe, wakitafuta walichodhani tunakitafuta. Hawakuiba kitu, hakukuwa na cha kuiba. Lakini tabaka zote zilikuwa zimechanganyika kama kande, na mwanaakiolojia hana mali nyingine zaidi ya mpangilio wa tabaka: kipi kiko chini ya kipi, kipi kimelala kando ya kipi. Kigae kilichotoka mahali pake ni kigae tu. Tulifunga mizigo tukaondoka.

Kwa hiyo mwambie baba hivi: mtafuta dhahabu hachekechi udongo kwa wavu wa milimita mbili ili aokote punje ya ulezi iliyoungua. Sisi ndiyo kazi yetu. Na kuhusu Wazungu, ni kweli walianza wao na bado wapo, ila Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha akiolojia tangu 1985, na waliohitimu hapo sasa wanawafundisha wengine.

Tuje kwenye msitu. Bibi anasema wafua chuma waliumaliza, mwalimu anasema wa kale hawana hatia. Kasoro yao ni moja: wote wameanza kujadili mtuhumiwa kabla ya kuhakikisha kama kuna marehemu. Nani amekwambia kilima hicho kiliwahi kuwa na msitu? Huenda kiliwahi. Lakini wilaya yenu ni nchi tatu ndani ya moja. Upande wa mashariki, kwenye ukingo unaotazama bonde la Kilombero, kuna ukungu na mvua, na msitu wa mvua wa kweli. Upande unaokauka kuelekea magharibi kuna miombo. Katikati, juu, kuna nyanda za nyasi, ambazo sehemu kubwa yake ndiyo iliyokuja kupandwa mipaini ya Sao Hill. Kila nchi kati ya hizo tatu ina historia yake, na swali la "nani alimaliza msitu" halina jibu mpaka useme unasimama wapi.

Nyasi za juu milimani ndizo zinazotudanganya zaidi. Mtu akiona kilima kitupu hufikiri kimenyolewa. Nenda Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, ile wanayoiita Bustani ya Mungu. Pale pana okidi za aina nyingi (hizo hizo ambazo viazi vyake huchimbwa na kuvushwa Zambia kupikia chikanda) pamoja na mimea mingine inayotaka jua la wazi, na baadhi yake haipatikani popote nje ya nyanda zetu za juu. Mmea wa namna hiyo hautokei kwa miaka mia mbili. Unahitaji maelfu kwa maelfu ya miaka ya kuishi penye nyasi. Basi angalau sehemu ya nyasi hizo ni ya kale kuliko jembe lolote. Baridi kali, jalidi ya usiku na moto vimeziweka wazi. Kwingine nyasi ni mgeni aliyeingia baada ya mti kuondolewa. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ndipo tunapokwenda kuliuliza tope.

Mti unapotoa maua, chavua yake, ule unga wa maua, hupeperuka kwa wingi usioelezeka. Nyingi huoza. Lakini inayodondokea kwenye ziwa au kinamasi, ikafunikwa na tope lisilo na hewa, haiozi, kwa sababu ganda lake ni miongoni mwa vitu vigumu zaidi anavyovitengeneza mmea. Mwaka hadi mwaka tope hujilundika, la zamani chini, jipya juu. Sisi tunakwenda na mtumbwi au jukwaa linaloelea, tunashindilia bomba, tunalitoa na mashapo yake yamesimama kama muwa. Kila baada ya sentimita chache unachukua kijiko cha tope, unakiosha kwa kemikali ambazo hutaki zikuguse, kisha unaketi kwenye hadubini na kuhesabu. Huu mti gani, hii nyasi, hili kangaga. Mia mbili, mia tatu, kwa kila kijiko. Mgongo unauma. Ukimaliza bomba zima una orodha ya mimea iliyolizunguka ziwa hilo, enzi baada ya enzi.

Lile ziwa la Masoko lenye hadithi za hazina, hazina yake halisi ni hiyo. Tope lake limebeba kumbukumbu ya zaidi ya miaka 40,000, ya chavua, ya vumbi na ya vipande vidogo sana vya makaa vinavyoonyesha ni lini nchi iliyolizunguka iliwaka sana. Kuna kinamasi Udzungwa ambacho mashapo yake nayo yanapita miaka 40,000, na yanaonyesha msitu wa pale ulivumilia hata zile nyakati za baridi na ukame wa dunia karibu miaka 20,000 iliyopita. Nyumbani kwako, mwanangu, si pembezoni mwa sayansi hii.

Nikupe na aibu yangu. Nilipokuwa mwanafunzi nilikuta chavua ya mpaini kwenye tope nililoamini ni la miaka elfu mbili. Nikafurahi, nikamkimbilia msimamizi wangu. Akanitazama, akaniuliza mipaini ililetwa na nani. Mpaini si mti wa kwetu. Ulikuja na wakoloni, kama ulivyokuja mlingoti. Chavua yake ina mabawa mawili, inaruka mbali, na sasa imejaa kila mahali Iringa na Njombe. Maana yake bomba langu lilikuwa limechafuliwa na tope la juu, na miezi mitatu ya kuhesabu ikaenda na maji. Tangu hapo chavua ya mpaini imekuwa rafiki yangu: ninapoiona kwenye tabaka najua niko kwenye karne ya ishirini, sihitaji maabara.

Sasa, tope nalo lina uongo wake, au niseme kigugumizi chake. Chavua za nyasi zinafanana. Ulezi ni nyasi, mtama ni nyasi, majani ya kuezekea ni nyasi, na kwenye hadubini zote ni duara lenye tundu moja. Mahindi peke yake hujitambulisha kwa ukubwa, lakini chavua yake ni nzito, haifiki mbali na shamba. Halafu kuna hali ya hewa. Miti ikipungua kwenye tope, je, ni shoka au ni ukame? Ziwa Rukwa, ambalo leo kina chake ni kifupi, liliwahi kujaa baada ya enzi ya barafu mpaka likamwagikia Ziwa Tanganyika, kisha likanywea. Hakuna mkulima aliyefanya hayo. Kwa hiyo hatumwamini shahidi mmoja. Tunaita makaa. Tunaita udongo uliosombwa mlimani ukatua bondeni. Tunaita fitolithi, yaani vijiwe vidogo vya silika ambavyo mmea hujijengea ndani ya seli zake na kuviacha ardhini majani yakishaoza. Fitolithi ya mgomba, niliyoipenda tangu siku ya kwanza, ina umbo la mlima wa volkano wenye kreta kileleni. Ukiiona katika udongo wa Wanyakyusa unadhani Rungwe imejichora yenyewe.

Na Rungwe ina kazi nyingine. Ililipuka vibaya karibu miaka 4,000 iliyopita, ikamwaga majivu na mawe mepesi juu ya eneo kubwa. Tabaka hilo likiwemo shimoni mwako unajua mara moja kilicho chini yake ni cha kabla na kilicho juu ni cha baadaye. Kwa vingine tunategemea kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi iliyomo katika kila kilichowahi kuishi, ambayo nusu yake hupotea kila miaka 5,730, hivyo hesabu ya makaa ya tanuri la bibi inawezekana kabisa, ila kupita miaka 50,000 hakubaki cha kupima. Ndiyo maana yale mashoka ya mawe ya Isimila, huko Iringa, ambayo bila shaka mlipelekwa kuyaona na shule, hayakupimwa kwa njia hiyo. Yalipimwa kwa urani kwenye mifupa, ikapatikana miaka kama 260,000. Waliokuwa wakiyachonga walikaa kando ya maji yaliyokuwa na viboko wa aina ambayo haipo tena duniani. Watu na mazingira, mwanangu, ni habari ndefu. Kule maporomoko ya Kalambo, mpakani mwetu na Zambia, mwaka 2023 zilitangazwa habari za magogo mawili yaliyochongwa yakapachikwa pamoja miaka isiyopungua 476,000 iliyopita. Yamedumu kwa sababu moja tu: udongo wake haukukauka kamwe. Ukisikia mtu anasema kinamasi ni ardhi isiyo na kazi, mkumbushe hilo.

Turudi kwenye mavi ya chuma ya bibi, kwa sababu hapo ndipo bibi anapokaribia ukweli na kuupita. Kuyeyusha chuma kunataka makaa mengi, hilo halina ubishi. Kule Ufipa, Rukwa, walijenga malungu, matanuri marefu kuliko mtu, yanayovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Profesa Bertram Mapunda ameyachunguza kwa undani, na anayetaka kujua chuma cha kusini lazima apite kwake. Lakini wayeyushaji hawakukata kila mti. Walichagua miti migumu inayotoa makaa yasiyovunjika upesi. Na miti mingi ya miombo ukiikata inachipua tena kutoka kwenye kisiki. Mwulize mchoma mkaa yeyote. Msitu uliokatwa kwa ajili ya tanuri na kuachwa, hurudi. Usiorudi ni ule uliokatwa, ukachomwa, visiki vikang'olewa, na palepale pakalimwa mwaka hadi mwaka.

Kwa nini nakwambia hivi? Kwa sababu tanuri lilitengeneza jembe. Kama ningelazimishwa kutaja mshukiwa kwenye bonde la bibi yako kabla sijaliona, ningelitazama jembe kwanza kuliko mkaa uliolizaa. Ningechimba chini ya kinyungu nitafute mahali udongo mweusi wa kale ulipofunikwa na mchanga ulioporomoka kutoka mlimani. Kama mchanga umelala juu ya mavi ya chuma, mlima ulivuliwa nguo baada ya wafua chuma. Kama uko chini yake, kuna mtu aliwatangulia, au palikuwa na ukame. Vipimo viwili vya kaboni, kimoja juu na kimoja chini, na kesi imeanza kueleweka. Huo ndio utafiti wenyewe. Si mkubwa kuliko hapo.

Na mwalimu wako? Ana nusu. Wamatengo kule Mbinga walibuni ngoro: unafyeka nyasi, unazilaza kwa miraba, unazifunika udongo, katikati unabaki na mashimo yanayonasa maji ya mvua kwenye mteremko ambao mwingine angeuacha ukawa makorongo. Vinyungu vyenyewe ni akili ya kula kiangazi wakati mlimani kumekauka. Lakini waliobuni hayo walibuni kwa sababu walibanwa, na wengine waliobanwa walichoma moto na kuhama. Wa kale walikuwa watu wenye njaa na wenye akili. Ukiingia chuoni ukiwa umeshawapa uungwana au dhambi, utaona chavua unazotaka kuziona. Mimi nilishauona mpaini wa miaka elfu mbili.

Haya, maisha. Sitakudanganya: ajira ni chache. Wapo wanaofundisha vyuoni, wapo Makumbusho ya Taifa, wapo serikalini kwenye Mambo ya Kale, wapo kwenye vivutio vya utalii. Kundi linaloongezeka ni la wanaofanya tathmini kabla ya barabara, bomba au njia ya umeme kupita, kwa sababu miradi mikubwa hudaiwa tathmini ya mazingira chini ya sheria ya mwaka 2004, na urithi wa kale ni sehemu yake. Kazi hiyo hulipa vizuri inapokuwepo. Inakuja kama mvua za huku, kwa msimu, na kiangazi chake ni kirefu. Utafiti wa mashapo una mzigo wa ziada: kipimo kimoja cha kaboni ni dola mia kadhaa, na sampuli nyingi bado hupelekwa nje. Utaishi kwa kuandika maombi ya fedha, na mengi yatakataliwa. Kuna miezi ya kulala kwenye hema. Nilipopata mtoto wa pili mama yangu alihamia kwangu. Bila yeye ningeacha.

Tahasusi yako ya HGL inakuingiza kwenye shahada ya akiolojia, lakini kwa upande huu wa mazingira utapungukiwa baiolojia na kemia. Si mwisho wa dunia. Jiografia ya maumbile isome kama imani, takwimu usizikimbie, na ukifika chuoni omba kukaa kwenye madarasa ya mimea na udongo hata kama hayamo kwenye programu yako. Kama una mdogo wako kidato cha nne mwenye ndoto kama yako, mwambie achukue CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia).

Ushauri wa baba wa ualimu nao usiudharau. Kama nyumbani wanangoja mshahara wako wa kwanza ili wadogo zako wasome, ningekwambia soma ualimu wa Historia na Jiografia, fanya kazi, kisha omba shahada ya pili ya akiolojia. Nina wenzangu waliopita hapo, na ni wavumilivu shimoni kuliko sisi. Lakini kama nyumbani hakuna mzigo huo, na kinachomsumbua baba ni kutoifahamu tu kazi hii, nenda moja kwa moja. Usiliamue kwa barua yangu. Mchukue baba siku moja mwende wote Boma la Iringa, lile la Mjerumani ambalo sasa ni makumbusho, mkaongee na wafanyakazi wa pale. Ukipata nafasi ya kufika Dar es Salaam, pita kwenye idara uwaulize wanafunzi wa mwaka wa tatu, usiwaulize walimu, walimu tutakupamba.

Sasa kipande. Kuchimba vitu vya kale bila kibali hakuruhusiwi, na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda hata vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Kwa kukiangalia tu hicho chako hatuwezi kujua kama ni cha kabla au baada. Bibi yako hajakosa, alikuwa analima. Lakini msichimbe zaidi kutafuta vingine. Vinavyotokea wakati wa kulima vipige picha pale pale vilipo, weka kalamu kando ili ukubwa uonekane, andika tarehe na kina, halafu peleka taarifa kwa afisa utamaduni wa wilaya. Ikitokea mifupa inayofanana na ya mtu, simamisheni jembe siku hiyo hiyo na mwiteni mtendaji wa kijiji na polisi kwanza, sisi baadaye. Na kama wazee wanasema mahali hapo palikuwa na makaburi au tambiko, msiguse bila wao.

Likizo ijayo kirudishe kipande hicho kinyunguni, mahali kilipotoka hasa. Kama hukumbuki ni tuta gani, muulize bibi. Yeye atakuwa anakumbuka.